Kubadilisha cheni na sproketi za pikipiki nyumbani: pale kazi inapoharibikia

Kutoa cheni ya zamani na kuvisha mpya ni kazi ya spana tu. Aliyewahi kufungua tairi la nyuma kuziba pancha tayari anajua nusu yake. Kinachoua seti mpya mapema ni yale yanayofuata baada ya hapo: tairi kukaa upande, cheni kukazwa wakati pikipiki haina mzigo, na loki, yaani kile kiungo cha kuunganisha miisho ya cheni, kuvishwa kinyume. Seti nzuri ikifungwa vibaya huisha haraka kuliko seti ya kawaida iliyofungwa kwa vipimo, halafu lawama zote zinaangukia duka la spea.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kweli cheni imekwisha. Cheni kulegea peke yake si ushahidi, maana huenda inahitaji kukazwa tu. Shika cheni pale nyuma kabisa kwenye sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la nyuma, uivute kuelekea nyuma ya pikipiki. Ikinyanyuka hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Kipimo cha uhakika zaidi ni rula ya chuma. Kaza upande wa chini wa cheni kwa kusukuma tairi lizunguke kuelekea mbele gia ikiwa imeingia na injini imezimwa, kisha pima kutoka pini ya kwanza hadi pini ya 21, yaani hatua 20 (hatua ni umbali kutoka pini moja hadi inayofuata). Usihangaike kutafuta katikati ya pini. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa pini moja hadi ukingo wa kushoto wa ile nyingine, umbali ni uleule. Cheni mpya ya saizi ya 428 itakupa milimita 254, kwa kuwa kila hatua ni milimita 12.7. Ukisoma 259, imerefuka kwa asilimia 2 na haifai tena. Rudia kipimo sehemu tatu au nne, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Watu husema cheni imevutika, lakini vile vyuma vya pembeni havijavutika hata kidogo. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo. Robo ya milimita kwa kiungo kimoja haionekani kwa macho, ila kwenye cheni ya viungo 118 inakuwa sentimita tatu nzima, na ekseli inalazimika kurudi nyuma sentimita moja na nusu ili kuimeza. Hatua zikishakuwa ndefu kuliko nafasi kati ya meno, cheni inapanda juu ya jino badala ya kukaa kwenye bonde lake, na kuanzia hapo meno nayo yanaanza kulika na kujikunja kama ndoano.

Ndiyo maana vitu vitatu, cheni, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma, hubadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha kuchongwa na cheni ndefu haitakaa vizuri hata siku moja; mzigo wote unabebwa na meno mawili matatu badala ya kugawanywa. Anayeanza kufa ni sproketi ya mbele. Ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, ile ya mbele inazunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa hiyo kila jino lake linapigwa mara tatu zaidi. Wengi wanaipuuza kwa sababu imefichwa chini ya kava, wanabadilisha cheni na ile ya nyuma tu, halafu wanashangaa sauti ya kukoroma haijaondoka. Kubadilisha ya mbele peke yake kama cheni bado inapima vizuri, sawa, hilo lina maana. Kubadilisha cheni peke yake ni kutupa pesa.

Sasa dukani. Pikipiki nyingi za biashara, Boxer 150 na TVS HLX 125 zikiwamo, hutumia cheni ya 428. Nyingine ndogo hutumia 420, ambayo ina hatua ileile ya milimita 12.7 lakini ni nyembamba: upana wa ndani ni milimita 6.35 wakati 428 ina 7.94. Kwa macho zinafanana, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa isiyo yako. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye vyuma vya pembeni vya cheni, si ya kwenye boksi peke yake. Herufi H, kama 428H, ina maana vyuma vya pembeni ni vinene zaidi, na kwa pikipiki ya abiria na mizigo chukua hiyo. Loki yake nayo lazima iwe ya H, kwa sababu pini za loki ya 428 ya kawaida ni fupi. Ukilazimisha, klipu haiingii vizuri kwenye mfereji wake na itaruka njiani.

Hesabu meno ya sproketi zako mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani, na uhesabu viungo vya cheni yako, cha ndani na cha nje kila kimoja kikihesabiwa peke yake. Namba itakuwa shufwa. Beba sproketi ya zamani ikiwezekana, kwa sababu idadi ya meno ikilingana bado matundu ya bolti na shimo la katikati vinaweza kutofautiana. Kupima ugumu wa meno, kipande cha tupa kinasema mengi: kwenye jino lililokaushwa vizuri kwa moto tupa inateleza, kwenye chuma laini inang'ata. Cheni nayo ishike kwa ubavu, uiache ining'inie mbele yako. Ikipinda sana kuelekea upande ingali mpya, viungo vyake vimelegea toka kiwandani.

Wapo wanaotumia nafasi hii kubadili idadi ya meno. Wa milimani wanataka 13 mbele ili pikipiki ipande na mzigo. Wa lami tambarare wanataka 15. Jino moja mbele si dogo. Kutoka 14 kwenda 15 ni mabadiliko ya asilimia 7, sawa na kupunguza meno kama matatu nyuma: kwa mzunguko uleule wa injini uliokuwa unakupa kilomita 60 kwa saa, utapata 64, lakini kwenye mlima utashuka gia mapema. Ya meno 13 inaikunja cheni zaidi kila inapozunguka, hivyo cheni inachoka haraka. Ukiongeza jino moja mbele ekseli itasogea mbele milimita tatu hivi, na ukiongeza mawili nyuma itasogea zaidi ya sita, kwa hiyo angalia kama nafasi ya kukazia inatosha kabla hujalipa. Kwa maoni yetu, anayebeba abiria mjini abaki na meno ya kiwandani.

Kuhusu vifaa: spana 8 hadi 14, spana ya nati ya ekseli (mara nyingi 17, 19 au 22, pima yako), bisibisi, plaizi yenye mdomo mwembamba, nyundo, patasi butu ya kukunjulia washa, rula ya chuma, mafuta ya taa nusu lita, brashi, mswaki wa zamani, grisi kidogo na oili ya gia namba 90. Stendi kubwa inatosha. Kama pikipiki yako ina ya pembeni tu, tafuta kreti imara au magogo chini ya injini na mtu wa kushika usukani.

Mpangilio wa kulegeza ndio unaookoa muda. Bolti za sproketi ya mbele na nati za sproketi ya nyuma zote zilegezwe wakati cheni ya zamani bado ipo na tairi limefungwa, kwa sababu huo ndio mshikio wako. Ukishatoa cheni, sproketi ya mbele inazunguka na spana na utaishia kuichomeka bisibisi kwenye meno, jambo linalopasua kava la injini.

Anza na mguu wa gia. Chora alama ya chaki ulipokaa kwenye shafti yake, kisha toa bolti yote. Kuilegeza haitoshi, maana imepita kwenye mfereji wa shafti. Fungua kava la mbele. Hapo utakuta udongo ulioganda na grisi, wakati mwingine hadi huoni sproketi. Kwangua, osha kwa mafuta ya taa, tazama sili iliyo nyuma ya sproketi. Ikiwa inavuja oili, sasa ndiyo wakati wa kuibadilisha, si wiki ijayo.

Kwenye pikipiki nyingi za aina hii sproketi ya mbele imeshikwa na kipleti chenye meno kwa ndani na bolti mbili fupi zenye kichwa cha 10. Ingiza gia, mtu akanyage breki ya nyuma, legeza bolti. Kisha nenda nyuma: kunjua masikio ya washa kwenye nati za sproketi kubwa kwa patasi, legeza kila nati robo mzunguko. Ndipo toa klipu ya loki kwa plaizi. Unabana mwisho uliopasuka wa klipu pamoja na pini iliyo karibu nao, inateleza yenyewe. Bisibisi inafanya kazi pia, ila klipu huruka na kupotea mchangani.

Toa bolti za mbele, zungusha kipleti kidogo mpaka meno yake yalingane na mifereji ya shafti, kivute, na sproketi itafuata. Mpya ikivishwa utaona inacheza kidogo kwenye shafti. Mchezo mdogo ni wa kawaida, umeachwa makusudi ili ijipange na cheni. Mchezo mkubwa wa kuzunguka, yaani sproketi inakwenda na kurudi shafti ikiwa imetulia, una maana mifereji ya shafti imelika, na hilo ni jambo la kufungua injini. Kabla ya kuvisha angalia upande upi wa ile ya zamani ulikuwa nje, kwa kuwa nyingi zina upande uliobonyea, na ukigeuza, mstari wa cheni unahama milimita kadhaa. Bolti za milimita 6 zinatosha nyutoni-mita 10 hivi, ni mkono mmoja na spana fupi. Wanaoongeza bomba kwenye spana ndio wanaozikatia ndani.

Tairi la nyuma litoe kwa kawaida: nati ya breki kwenye fimbo, bolti ya mkono unaoshika sahani ya breki pamoja na pini yake ya kukunjwa, kisha ekseli. Panga kila bushi na washa chini kwa mpangilio uliotoka nao, kushoto kushoto, kulia kulia. Kuna bushi moja inayokaa kati ya beringi ya kikombe cha sproketi (kile kinachobeba sproketi ya nyuma) na beringi ya tairi. Ikisahaulika, ukikaza ekseli beringi inabanwa kwa ubavu na itakufa bila kelele nyingi za kukuonya.

Chomoa kikombe chenye sproketi, tazama raba zilizo ndani ya habu. Kazi yake ni kumeza mshtuko unapotoa klachi. Zikiwa zimesagika, sproketi inacheza mbele na nyuma tairi likiwa limetulia, na kila ukiondoka cheni inapigwa kama nyundo. Raba mpya ni bei ndogo ukilinganisha na seti yenyewe. Vijiwe vingi hujaza vipande vya tyubu ya zamani. Vinasaidia kwa muda, lakini vikiwa havilingani unene, sproketi inakaa upande na inazunguka ikiyumba. Ingiza kidole kwenye beringi ya kikombe, izungushe. Ikikwaruza, badilisha. Pikipiki zenye muundo wa CG hazina kikombe hicho: sproketi ina miguu minne inayoingia moja kwa moja kwenye raba za habu, na inashikwa na klipu ya duara katikati.

Safisha uso ambao sproketi mpya italala. Chembe ya kutu au rangi iliyobaki hapo inatosha kuiyumbisha. Kaza nati kwa msalaba, moja kisha ya mkabala wake, kwa awamu mbili, halafu kunja masikio ya washa mpya. Washa za zamani zilizokunjwa mara mbili tatu hukatika masikio.

Kabla ya kurudisha tairi, legeza ajasta zote mbili, yaani skrubu za kukazia cheni, na usogeze ekseli mbele kabisa. Cheni mpya ni fupi kuliko ile uliyotoa na itahitaji nafasi hiyo. Ivishe juu ya sproketi ya mbele, na unganisha miisho yake ikiwa imelala juu ya meno ya sproketi ya nyuma. Meno yanashika pande zote mbili huku wewe ukiingiza loki bila kuvutana nayo. Kwa pikipiki yenye kava linalofunika cheni yote, fungua kava hilo, au unganisha mwisho wa cheni mpya na wa ile ya zamani kwa loki kabla hujagusa chochote, uivute ipite. Grisi ya kiwandani iliyomo kwenye cheni mpya iache. Wapo wanaoiosha kwa petroli ili ing'ae, na kwa kufanya hivyo wanatoa kilainishi pekee kilichowahi kufika hadi kwenye pini.

Klipu ya loki: mwisho uliofungwa, ule wa mviringo, uelekee kule cheni inakokwenda. Upande wa juu cheni inakwenda mbele, kwa hiyo mviringo uelekee mbele. Upande wa chini inarudi nyuma, mviringo uelekee nyuma. Ikiwekwa kinyume, jiwe au fito likigusa mdomo uliopasuka linaisukuma nje. Cheni ikikatika kwenye mwendo haidondoki tu barabarani. Mara nyingine inajikunja mbele ya sproketi ndogo na kuvunja ukuta wa injini, au inajifunga kwenye tairi.

Sasa kukaza. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mchezo unaotakiwa katikati ya upande wa chini ni kati ya milimita 20 na 30, juu hadi chini. Stika iliyo kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika ekseli ya tairi la nyuma) au kitabu cha pikipiki ndicho kitakachosema namba yako. Zungusha tairi kwa mkono na upime kila robo mzunguko, kwa kuwa kuna mahali cheni inakaza zaidi kuliko pengine. Weka kipimo pale inapokaza zaidi. Ukiweka pale inapolegea, ule upande mwingine utakuwa kamba ya gitaa.

Na hapa ndipo pikipiki za kubeba watu zinapoumia. Sproketi ya mbele iko mbele ya bolti ambayo mkono wa nyuma unazungukia. Shokapu zikishuka kwa mzigo, ekseli inasogea mbali na sproketi ya mbele mpaka pale vituo vitatu, yaani shafti ya gia, bolti ya mkono na ekseli, vinapokuwa mstari mmoja. Hapo ndipo umbali ni mrefu kuliko wote. Cheni iliyoonekana nzuri kwenye stendi inaweza kuwa imevutwa kama waya wakati wa mshikaki wa watu watatu na tuta barabarani. Haina pa kwenda, kwa hiyo inavuta beringi ya shafti ya gia na beringi za tairi. Dawa ni rahisi: ukishakaza, watu wawili wazito wakae, wa tatu ainame aguse cheni. Isipocheza angalau sentimita moja, legeza. Baina ya kukaza mno na kulegeza kidogo, chagua kulegeza kidogo.

Alama za kwenye mkono wa nyuma zisaidie tu, zisiwe hakimu. Kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka au iliyochomelewa, zinadanganya. Pima kwa rula au uzi usiovutika kutoka katikati ya bolti ya mkono hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, zilingane hadi milimita moja. Kisha chuchumaa nyuma utazame cheni kwa jicho moja kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele: inyooke bila kupinda inapoacha meno. Baadaye ukiona ubavu mmoja wa meno unang'aa na mwingine hauna alama, tairi liko upande.

Kaza nati ya ekseli ukiwa umechomeka bisibisi kati ya cheni na sproketi ya nyuma na kuzungusha tairi taratibu hadi bisibisi ibanwe. Hiyo inavuta ekseli mbele ikae kwenye ajasta zote mbili. Nati hiyo hukazwa kati ya nyutoni-mita 50 na 70 kwenye pikipiki ndogo nyingi. Kwa spana ya sentimita 30, ni kama kuning'iniza kilo 20 mwishoni mwake. Toa bisibisi, pima mchezo tena, kwa kuwa kukaza nati mara nyingi hubadilisha kipimo.

Breki haiwezi kubaki kama ilivyokuwa. Tairi limesogea mbele, kwa hiyo fimbo ya breki imelegea na pedali itazama. Kaza nati yake mpaka pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30, zungusha tairi usikie kama halikwaruzi, angalia taa ya breki inawaka kwa wakati. Bolti ya mkono unaoshika sahani ya breki na pini yake virudi bila kukosa. Mkono huo ukiachia, sahani nzima inazunguka na tairi linajifunga papo hapo.

Kilomita 100 hadi 200 za kwanza cheni mpya hujiweka sawa na italegea kidogo, basi pima tena hapo, na tena kwenye 500. Kulainisha, oili ya gia namba 90 inafaa: idondoshee upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno, pikipiki ikiwa imetoka kutembea na cheni ina joto, iache usiku kucha na ufute iliyobaki nje asubuhi. Kila kilomita 500, na kila baada ya mvua. Grisi ya kupakwa nje haifiki kwenye pini. Inakusanya vumbi la barabara na kuwa msasa. Oili chafu ya injini ni afadhali kuliko cheni kavu, lakini ina chembe za chuma ndani yake na ni nyepesi mno, yote inarukia rimu. Wakati wa kusafisha zungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Tambara lililoshikwa karibu na cheni huku injini ikizungusha tairi kwenye stendi limekata vidole vya watu wengi, mafundi wazoefu wakiwamo.

Loki moja ya akiba, ya H kama cheni ni ya H, pamoja na plaizi ndogo, vikae kwenye boksi la vifaa chini ya kiti. Cheni ya zamani usiitupe yote. Kipande cha viungo kumi na tano hivi kikichomelewa kwenye ncha ya chuma bapa kinakuwa kishikio cha sproketi, na safari ijayo hutahitaji mtu wa kukukanyagia breki.